Tumbo la Wakili

Majirani zangu, nyumba ya mdogo wangu, muuza nyama, ilikuwa nyumba ya kuonea wivu. Jioni ungemkuta barazani ananoa visu vyake, wifi yangu anakunja nguo, na binti yao amejilaza anasoma kwa sauti, kichwa juu ya mgongo wa mbwa wao. Binti huyo tulimwita Wakili tangu utotoni, maana hakuna neno aliloambiwa likapita bila jibu. Darasani alikuwa wa kwanza. Najisifu, ndiyo; ni damu yangu.

Kisha tumbo la Wakili likaanza kuvimba.

Mnajua wenyewe mtaa unavyofikiri. Binti wa shule, tumbo mbele. Hakuna aliyeuliza kama linauma. Waliuliza la nani. Fundi pikipiki wa pale kona alisingiziwa mpaka akaacha kununua nyama buchani. Wifi akanunua kipimo cha mkojo, kikaonyesha hakuna mimba. Akanunua kingine, hivyohivyo. Mdogo wangu akasema vipimo vya dukani vinadanganya, akamtoa binti shule. Nilipomwambia ampeleke hospitali, alinijibu kwamba aibu haipelekwi kukaa foleni mbele za watu. Mtu anapima nyama kutwa nzima, lakini neno la mtaani analibeba bila kulipima.

Wakili alilia siku ya kwanza tu. Baada ya hapo alimwambia baba yake, "Baba, ningekuwa nimekosa ningekwambia. Unajua kukujibu hakujawahi kunishinda."

Hakusikilizwa. Mdogo wangu akamtafuta mama mmoja anayekanda matumbo, aje aliminye tumbo hilo mpaka ukweli utoke. Wifi akanipigia simu kwa sauti ya chinichini. Nilifika nikakuta mkandaji ameshatandika mkeka na anapasha mafuta. Wakili alikuwa ameketi wima ukutani, mkono chini ya mbavu za kulia.

"Shangazi," akasema, "mimba huanzia chini. Mimi nimevimba huku juu, upande mmoja. Asinikande mtu kabla sijapigwa picha."

Nikaweka mkono pale aliponionyesha. Jamani, mimi nimezaa. Sijawahi kuona mtoto anayejibanza chini ya mbavu za mama yake kama mpangaji anayekwepa mwenye nyumba. Nikamwambia mkandaji akunje mkeka wake. Mdogo wangu akasimama mlangoni.

"Dada, hii ni nyumba yangu."

"Ni yako. Mtoto ni wetu. Sogea."

Akasogea. Tena akatufuata mpaka hospitali, na aproni ya bucha bado kiunoni.

Chumba cha altrasaundi kilikuwa kidogo: kitanda, pazia, mashine na kiti kimoja. Mtaalamu wa picha, bwana mnene mwenye mikono myepesi, alimpaka Wakili jeli, naye akalalamika kwamba ni ya baridi. Kifaa kilianzia chini ya tumbo. Mtaalamu akatangaza kwamba mfuko wa uzazi ni mtupu, kwa sauti ya kumtosha baba aliyesimama nje ya pazia. Kisha akapanda upande wa kulia, akasimama hapo. Kwenye skrini, ndani ya ini, palikuwa na fuko kubwa jeusi, na ndani yake vifuko vidogo vya mviringo vimesongamana. Akamwita daktari.

Daktari aliitazama picha muda mrefu. Hakuuliza habari za mwanamume yeyote. Aliuliza, "Nyumbani mna mbwa? Anakula nini?"

Mdogo wangu alijibu kwa majivuno. Alisema mbwa wake anashiba kuliko watu wengi, kwa sababu yale maini yenye malengelenge ya maji, ambayo mkaguzi wa nyama huyakataa na kuagiza yafukiwe, yeye hayatupi. Humpelekea mbwa.

Daktari akamweleza polepole. Ndani ya malengelenge yale mna watoto wa mnyoo mdogo sana aitwaye tegu. Mbwa akiyala, tegu hukulia utumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi na kunasa kwenye manyoya. Mtoto anamshika mbwa, kisha anatia mkono mdomoni. Yai likifika kwenye ini, au hata mapafu na ubongo, hugeuka fuko la maji, likakua taratibu kwa miaka. Ugonjwa wenyewe ni nadra, wengi huwa hawaufikirii mpaka picha iwaonyeshe. Mwisho akauliza kama kuna mtu aliyelikanda tumbo hilo, kwa sababu fuko likipasukia ndani, mgonjwa anaweza kufa papo hapo.

Mdogo wangu akakaa chini, sakafuni.

Wakili alipigwa picha nyingine kwenye mashine kubwa ya duara, madaktari wajue mipaka ya fuko, akapewa dawa, kisha akafanyiwa upasuaji. Fuko likatoka bila kupasuka. Alimhoji daktari wa upasuaji mpaka yule bwana akamwambia asomee udaktari. Wakili akasema atalifikiria.

Siku ya kurudi shule, baba alimfikisha mwenyewe mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu, walimu wote wakisikia. "Nilimshuku mwanangu bure," alisema. "Kama kuna wa kufukuzwa hapa, ni mimi." Kutoka hapo akaenda kumwomba radhi fundi pikipiki. Wakili aliingia darasani kichwa juu, nami nilisimama dirishani nikimtazama kama vile nimemzaa mimi.

Funzo

Tumbo la binti si mahakama ya mtaa. Mwana akivimba, akikohoa bila kukoma au akianguka kifafa, apelekwe akapimwe na kupigwa picha kabla ya midomo yenu kumchunguza. Uvimbe usioujua usikandwe wala kutobolewa. Nyama iliyokataliwa na mkaguzi ifukiwe shimo refu, isipewe mbwa wala paka. Watoto wanawe mikono kila wanapocheza na mnyama. Na binti akikwambia hapana, anza kwa kumwamini.

Haya, mwenye mbwa akamtafutie dawa ya minyoo leo. Kesho usiseme hukuambiwa.