Mke Anayeishi Kwemvumo

"Mama Siti, nipe zipu kumi na mbili za bluu ya shule, zile fupi. Halafu pokea hongera zako."

"Hongera ya nini, Madam?"

"Ya kuhama! Au bado ni siri?"

Shamsa alikuwa ameinama chini ya meza akivuta boksi la zipu. Hakuinuka haraka. Alizihesabu kumi na mbili, akazifunga kwa mpira, ndipo akasimama. Fremu yake ya duka ilikuwa kwenye mtaa unaotoka Mchafukoge kuingia Kariakoo, upana wake hatua nne, imejaa vifungo, nyuzi, lastiki na lesi mpaka darini. Mbele yake alisimama Madam Severa, anayefundisha shule moja ya msingi na Twaha, mume wa Shamsa. Jasho lilikuwa limemjaa puani, na macho yalikuwa ya mtu aliyebeba habari tangu asubuhi na sasa mikono imemchoka.

"Nani anahama?" Shamsa aliuliza.

"Heee!" Severa alijiziba mdomo. "Nimekwisha mimi. Basi, sijasema."

"Umeshasema, Madam. Malizia."

"Mimi si mmbea, Mama Siti, unanijua."

"Nakujua."

"Barua ya Mwalimu Twaha nimeiona mezani kwa mwalimu mkuu. Ameomba uhamisho kwenda Kwemvumo, kule Lushoto, juu kabisa milimani. Nikataka kufurahi kwa ajili yenu. Kisha nikasoma sababu." Severa alisogea, akapunguza sauti. "Kumfuata mwenza."

Shamsa aliweka zile zipu mezani.

"Mwenza gani? Mwenza si wewe hapa unaniuzia zipu? Mwalimu mkuu wetu mgeni, hakujui. Lakini mimi nakujua! Nikasema hapana, mwanamke mwenzangu hafanyiwi hivi nikiwa nimenyamaza."

"Na lastiki ulisema mita sita?"

"Sijasema lastiki, Mama Siti."

"Ooh."

"Umenisikia lakini?"

"Nimesikia."

"Mbona hulii?"

"Nikilia nani atauza?"

Severa aliondoka akitikisa kichwa, zipu mkononi. Shamsa alikaa kwenye stuli akangoja maumivu yaje. Hayakuja. Alikuwa amezoea kutosikia kitu. Miezi kumi na minne iliyopita mama yake, Bi Fatuma, ambaye waliuza pamoja kwenye fremu hiyo kwa miaka kumi na tisa, aliamka vizuri, akanywa uji, na kabla ya adhuhuri alikuwa hayupo tena. Shamsa hakulia msibani. Watu wakasema ana moyo mgumu. Tangu hapo alifanya yote: alipika, aliuza, alisalimia majirani, alimsuka mwanawe. Lakini kila kitu kilimfikia kikiwa kimechoka njiani.

Alichukua simu, akaandika:

"Mwenza wako wa Kwemvumo anaitwa nani?"

Ujumbe ukasomwa. Ikatokea kwamba Twaha anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena, ikapotea. Mwisho likaja neno moja:

"Nakuja."

*

Alifika saa tisa na nusu, vumbi la chaki bado kwenye mkono wa shati.

"Ni Severa, eti?"

"Usimtafute Severa. Nitafutie huyo mwanamke."

"Hakuna mwanamke, Shamsa."

"Twaha, sitapiga kelele. Nguvu zenyewe sina. Nitajie jina tu, nijue nitamwitaje."

Twaha alifungua simu yake, akampa. Kulikuwa na picha ya cheti cha ndoa. Shamsa alisoma jina la mke: Shamsa Mwinyimvua. Akatelezesha kidole, ikaja barua. Mstari wa tatu ulisema: "Mke wangu anaishi na kufanya biashara ndogo katika mji wa Kwemvumo tangu mwezi Januari mwaka huu."

Aliusoma mara mbili.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe."

"Naishi Kwemvumo."

"Kwenye barua tu. Niliambiwa mwaka huu wanapitisha wagonjwa na wanaofuata wenza, wengine wanarudishwa mikono mitupu. Sasa..."

"Nauza nini huko?"

Twaha hakulitarajia swali hilo. "Sikuandika."

Shamsa alimrudishia simu. "Bora angekuwa mwanamke mwingine."

"Usiseme hivyo, mke wangu."

"Bora. Huyo ungempelekea posa. Wangemuuliza kama anakubali."

"Nilikuuliza! Mwezi wa kwanza, tunakula, nikasema tukihamia milimani unaonaje. Ukasema sawa."

"Nasema sawa kwa kila kitu. Juzi uliniuliza kama nimetia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikasema sawa."

"Na kweli ilikuwa chumvi."

"Na ukainywa."

"Nikainywa."

Mteja alipita akauliza bei ya vifungo vya koti. Shamsa akamtajia, akamhudumia, mteja akaenda. Twaha alikuwa bado amesimama palepale.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Watakupigia. Wanahakiki, kwa sababu watu wengi wanadanganya. Nimeandika namba yako. Nadhani Jumatatu."

"Niseme nini?"

"Useme uko Kwemvumo."

"Na nikisema niko hapa?"

Twaha alitazama viatu vyake. "Ni kosa kumdanganya mwajiri. Wanaweza kunifukuza kazi."

*

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi hawakuzungumza zaidi ya nipe chumvi na funga mlango. Jumapili asubuhi Shamsa alikuwa akimsuka Siti, binti yao wa miaka tisa, kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu.

"Mama, kule watu wanalala na soksi?"

"Kule wapi?"

Siti aliinamisha kichwa. Alikuwa ameteleza ulimi, na alijua.

"Nani amekwambia kuna kule?"

"Baba. Alisema nisikwambie mpaka ufurahi."

"Mpaka nifurahi?"

"Eeh. Nikamuuliza, sasa itakuwa lini, akasema tungoje." Mtoto aligeuza shingo. "Tumengoja sana, Mama."

Shamsa alimaliza mistari miwili iliyobaki. Kisha alikwenda jikoni, ambako Twaha alikuwa akiosha vyombo.

"Umeongea na mtoto. Na mwalimu mkuu. Na halmashauri. Mimi tu ndiye nimebaki."

Twaha alifunga bomba. "Unakumbuka Januari nilikwenda kumzika baba yake Mwalimu Beno?"

"Nakumbuka."

"Ilikuwa Kwemvumo. Asubuhi niliamka, ukungu umefunika mpaka mlangoni. Nikasikia wanawake wanapita na vikapu vya matunda ya pea, wanatukanana kwa utani, wanacheka mpaka wanasimama. Nikasema, Shamsa angeamka hapa, labda angecheka. Au angenuna. Hata kununa tu, ningeshukuru."

Shamsa alichukua kitambaa, akaanza kufuta vyombo.

"Tangu Mama afariki hujanigombeza hata siku moja. Unajua naacha taulo bichi kitandani makusudi? Miezi sita sasa. Unalichukua, unalianika, unanyamaza. Mimi napitisha siku nzima darasani nafikiria lile taulo."

"Nilidhani umesahau tu."

"Mtu anasahau kila siku?"

Ilikuwa inachekesha. Shamsa aliona kwamba inachekesha, namna mtu anavyoona mvua inanyesha ng'ambo ya barabara.

"Ulitaka kunisaidia," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa kunihamisha kama kabati."

Twaha alifungua tena bomba. Aliosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

"Kesho utasema nini wakipiga?" aliuliza mwisho.

"Sijui."

Jumatatu Twaha alitoka nyumbani mapema kuliko kawaida. Hakuaga. Shamsa aliingia chumbani kutandika, akakuta kitanda kimeshatandikwa na taulo limeanikwa.

*

Simu iliita saa tatu na robo. Shamsa alikuwa anampimia mama mmoja lesi nyeupe ya gauni la harusi.

"Naongea na Bi Shamsa Mwinyimvua?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, ya ofisini.

"Ndiye."

"Napiga kutoka idara ya utumishi. Mume wako ni Mwalimu Twaha Sadalla?"

"Ndiyo."

"Nina swali moja tu. Kwa sasa unaishi wapi?"

Mtaani mkokoteni ulipita na marobota ya nguo, mwenyewe akipiga kelele za kupishwa. Shamsa aliziba simu kwa kiganja. Aliwaza kazi ya Twaha, miaka kumi na mmoja ya kusimama na chaki. Aliwaza Siti. Neno moja lilitosha kuwalinda wote. Akamfikiria na yule Shamsa mwingine, aliyepelekwa mlimani tangu Januari, anauza kitu ambacho hata mumewe hakijui. Yule hakuwa na shida. Yule asingeulizwa kitu tena maisha yake yote.

"Haloo, mama?"

"Nipo." Aliondoa kiganja. "Naishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Nina fremu mtaa wa nyuma. Nimezaliwa humu humu. Mama yangu..." Aliikunja lesi mkononi. Akaanza upya. "Mama yangu amefia humu. Kwemvumo sijawahi kufika."

Upande wa pili ilisikika karatasi ikigeuzwa.

Basi, aliwaza. Nimemmaliza.

"Asante kwa kusema ukweli," ile sauti ilisema. "Mumeo yuko hapa mbele yangu."

"Hapo?"

"Nimemkuta mlangoni kabla sijafungua ofisi. Ameleta barua ya kufuta maombi na maelezo kwamba alidanganya. Nimekupigia kujua kama mlipanga pamoja. Naona hapana."

"Atafukuzwa?"

"Angengoja tumkamate, ningekujibu vingine. Aliyejileta mwenyewe nitampendekezea onyo la maandishi. Lakini mwambie asituletee tena tamthilia ofisini, mama. Tuna kazi."

"Naomba niongee naye."

"Hapa si kibanda cha simu." Kisha akaongeza: "Dakika moja."

"Shamsa," ilikuwa sauti ya Twaha.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unakwenda?"

"Ungesema sawa."

Shamsa alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, akashangaa ulivyolowa.

"Nimekuumbua," alisema.

"Nilikuwa nimeshajiumbua. Nilisikia ulivyomjibu, amekuweka kwenye spika. Muda mrefu sijakusikia ukiongea hivyo."

"Umekula?"

"Bado."

"Njoo."

Alikata simu. Mama wa lesi alikuwa akimtazama, mkono kiunoni.

"Pole, mdogo wangu, kwa yaliyokupata. Lakini lesi yangu unailowesha."

Shamsa alitazama. Kweli. Alikata kipande kingine kikavu, akampa, na alipobaki peke yake alikikunja kile kilicholowa, akakaa nacho. Alimlilia mama yake kwa dakika kama kumi hivi, bila sauti, huku akiwatajia wateja waliopita bei kwa vidole. Baada ya hapo machozi yalikatika. Hakujisikia vizuri. Ila alijisikia njaa.

*

Twaha alikuta sahani mbili za wali na samaki kutoka kwa mama ntilie wa kona. Walikula kwenye meza ya kukatia, katikati ya vifungo.

"Sihami," Shamsa alisema.

"Hatuhami."

"Sijamaliza. Sihami kwenda mahali nisipopajua. Likizo ya mwezi wa sita twende, wiki moja, wote watatu. Nikapaone kwa macho yangu. Nikipapenda nitasema. Nisipopapenda nitasema pia."

"Na usipojua?"

"Nitasema sijui. Na wewe utangoja, bila kuniandikia barua."

"Nitangoja."

"Na usitegemee nifike nianze kucheka na wenye vikapu, Twaha. Huenda nitakwenda hivi hivi na nikarudi hivi hivi."

"Rudi hivyo hivyo. Mradi tuwe tumekwenda pamoja."

Shamsa alitoa mwiba kwenye samaki, akauweka pembeni ya sahani. Alichukua muda kutafuta kama kuna kingine anachokitaka, maana ni siku nyingi hakuwa amejiuliza.

"Kwenye basi nitakaa dirishani," alisema.

"Upande gani?"

"Unaoiona milima."

"Ndio upi huo?"

"Mimi nitajuaje, na sijawahi kufika?" Alimtazama usoni, na safari hii hakuondoa macho. "Uliza."