Meli ya Shemeji

Haya yalimpata jirani yangu, fundi seremala, na kama ningeyasikia kwa mtu mwingine ningecheka. Lakini tumepakana ukuta kwa ukuta, na sauti ya msasa kutoka chumbani kwake niliisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Mkewe, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa ameshaondoka na furushi lake la madaftari. Fundi alibaki mezani na kikombe cha chai, akiutazama mkono wake wa kushoto. Miezi sita ilikuwa imepita tangu mashine ya msumeno iondoke na dole gumba lake na kuviachia ganzi vidole viwili vilivyo kando yake. Daktari alikuwa amemwambia avipe vidole hivyo kazi ndogondogo za kushikashika, la sivyo vitakauka. Basi akapiga moyo konde, akavuta kasha lililokuwa chini ya kitanda.

Kasha lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye sasa ni marehemu; lililetwa kutoka alikofia. Ndani mlikuwa na nguo kidogo, kibano, chupa ya gundi na meli ya mbao iliyofika nusu. Ilikuwa na urefu wa mkono toka kiwikoni hadi vidoleni. Mbavu zilikuwa zimesimama, lakini ubavu mmoja tu ndio uliofunikwa. Shemeji alikuwa akiijenga saa za mapumziko, kwa ule mkono wake wa kushoto, maana alikuwa mashoto, na wenzake walimtania kwamba atazeeka kabla meli haijaona maji.

Fundi alikuwa na sababu ya kuliogopa kasha lile. Karakana waliyofanyia kazi ilikuwa ya baba mkwe, na mzee yule alikuwa na sheria moja asiyoichezea. Anayeingiza mkono kwenye mashine kuisafisha, sharti avue kofia yake na kuitundika kwenye swichi. Kofia ikiwa pale, hakuna anayewasha, hata awe nani. Siku ya ajali Fundi alikuwa na haraka, akaiacha kofia kwenye msumari wa mlangoni. Shemeji akaingia, akaona swichi haina kitu, akawasha.

Sasa sikiliza alichofanya. Shemeji alipotoka mbio kutafuta gari, Fundi alijikokota hadi mlangoni huku damu ikimchuruzika, akachukua kofia, akaitundika kwenye swichi. Labda ilikuwa aibu ya fundi mkuu kukosea jambo la mwanagenzi. Alijiambia atasema ukweli kesho yake, na kesho yake akajiambia hivyohivyo.

Mzee alipoikuta kofia kwenye swichi, alimfukuza mwanawe bila kumsikiliza. Mwalimu akakata undugu na mdogo wake wa pekee, akasema mtu anayewasha mashine akiona kofia si mzembe, ni muuaji. Kijana wa watu akaenda mji wa mbali kutafuta kibarua, na baada ya miezi mitatu homa ikammaliza. Mwalimu hakwenda kumzika. Fundi aliyaona yote hayo, akafumba mdomo. Nafsi ilimsuta kila alipomtazama mkewe akila, na ndiyo maana aliichagua meli ile. Alijidanganya kwamba akiimalizia, atakuwa amemtendea marehemu jambo jema.

Wiki ya kwanza ilikuwa kichekesho. Vipande alivishika kwa meno, na gundi iliyoingia kwenye suruali ilizidi iliyoingia kwenye meli. Mwalimu alirudi jioni akaitazama. Alijua ni ya nani, ila jina la mdogo wake halikutajwa nyumba ile.

"Fundi, hiyo ni meli au ni mtumbwi uliogongwa na lori?"

"Mwalimu, wewe sahihisha madaftari yako."

Walicheka. Fundi alicheka kidogo kuliko mkewe.

Alhamisi, saa nane mchana, jua likiwa limejaa mezani, pini ilimponyoka. Kabla hajainama, mkono wa kushoto uliiokota wenyewe. Akautazama. Pini ilikuwa imesimama hewani, imebanwa kati ya kidole cha shahada na pale ambapo zamani palikuwa na dole gumba. Upande mmoja ilishikwa na kidole. Upande wa pili haukuwa na kitu.

Alitaka kuiachia. Mkono haukuachia. Ukaichomeka pini kwenye ubao, ukachukua gundi, ukaendelea na kazi.

Kuanzia siku hiyo mchana wote ulikuwa wa mkono. Ulipiga msasa, ulipinda mbao, ulifunga mafundo madogo kama mbegu za ufuta. Fundi alikaa nyuma yake kama abiria. Mwalimu alipoona ubavu wa pili umefunikwa na sitaha imelala sawasawa, alimbusu mumewe utosini na kusema daktari yule apewe zawadi. Fundi angeweza kusema wakati huo. Akafuta vumbi la msasa mezani.

Kisha mkono ukaanza kufanya kazi ndani ya tumbo la meli, kupitia tundu lililoachwa katikati ya sitaha. Kila akiinamisha kichwa kuchungulia, mkono uliigeuza meli. Kwa siku tatu hakujua kinachojengwa mle.

Jumamosi, Mwalimu akiwa uani anafua, mkono ulitulia. Fundi akawasha tochi ya simu. Akachungulia.

Ilikuwa karakana.

Meza zilikuwepo. Mashine ya msumeno ilikuwepo. Watu wawili walikuwepo, urefu wao haufiki punje ya mchele. Mmoja ameinama, mkono wake uko ndani ya mashine. Mwingine amenyoosha mkono wa kushoto kuelekea swichi. Swichi ilikuwa tupu. Na mlangoni, kwenye msumari, kulikuwa na kofia.

Akashika nyundo kwa mkono wa kulia. Akainyanyua. Mkono wa kushoto ukaudaka wa kulia kifundoni.

Ulibana. Alivihisi vidole vinne kwa chini. Kwa juu, penye mshipa unaodunda, alihisi cha tano.

"Unafanya nini?"

Mwalimu alikuwa mlangoni, mikono ina povu. Hakungoja jibu. Aliichukua simu, akamulika ndani ya tundu, akatazama kwa muda mrefu. Alikulia kwenye karakana ile. Hakuhitaji kuelezwa.

"Kofia iko mlangoni," alinong'ona.

Mwalimu aliishusha simu, akamgeukia.

"Siku ile ilikuwa wapi?"

Bado angeweza kudanganya. Hakuna mtu hai ambaye angempinga.

"Mlangoni," alisema. "Niliitundika kwenye swichi baadaye."

Vidole vikalegea. Mkono ukaanguka mezani. Nyundo ikaanguka nayo.

Mwalimu alikaa kitandani, akajifuta povu kwenye gauni, polepole, kidole baada ya kidole.

"Alinipigia simu kutoka huko," alisema. "Mara tisa. Nilikuwa nimeishika, naiangalia inaita."

Aliifunga meli kwa shuka, akaondoka nayo kwenda kwa wazazi wake. Fundi hakuthubutu kumsindikiza hata hadi barabarani. Jumatatu alikwenda karakana mwenyewe, akamwambia mzee yote. Mzee alizima mashine, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba aondoke kabla hajamfanya jambo la kujutia. Mkono nao umekufa kabisa. Daktari anasema vidole vimekauka.

Baada ya wiki mbili Mwalimu alipiga simu, sauti iko chini kama anayezungumza karibu na mtu aliyelala.

"Ulishaipaka vanishi?"

"Sikuwa nimefika huko."

"Imepakwa. Sitaha nzima. Na pembeni kuna alama ya kidole."

"Itakuwa yangu."

"Ni dole gumba," alisema. "La kushoto."

Fundi alijikuta ameuficha mkono nyuma ya mgongo, kana kwamba mkewe anamwona.

"Mama ametoa kitambulisho cha mdogo wangu," Mwalimu aliendelea. "Tumelinganisha na alama ya gumba iliyo nyuma, kwa miwani ya baba. Mistari ni ileile. Nimeweka gumba langu juu yake. Vanishi bado mbichi."

"Mwalimu, rudi nyumbani. Nakuomba."

"Siwezi kumwacha tena. Nitakaa naye mpaka ikauke."

Huu ni mwezi wa tano tangu aondoke. Fundi hupiga simu kila Jumapili, na huuliza jambo moja tu. Haijakauka.