Muhuri wa Mama Violeth

Tereza hakuwa na haraka na asali. Aliichuja kwa kitambaa safi, akaiacha itulie mpaka povu lipande juu, ndipo akaijaza kwenye chupa. Mumewe, Damian, ndiye aliyerina. Nyumba yao pale Ushirombo ilinukia asali mwaka mzima, na asali hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yao, Violeth.

Chupa zikijaa, Damian alitoa muhuri wake. Aliugonga kwenye pedi ya wino, kisha kwenye karatasi za kubandika chupani. Aligonga kwa nguvu zake zote, kama mtu anayepiga ng'ombe chapa. Akimaliza, aliupaka muhuri samli. Baba yake alikuwa mfugaji, na alimfundisha kwamba kamba ya ngozi isiyopakwa samli hukauka ikapasuka. Damian aliona mpira wa muhuri nao ni hivyo hivyo. Hakumwuliza mtu.

Siku moja Tereza alipanda basi na mzigo wake hadi Geita, kwenye duka la Mama Herman. Duka hilo ndilo pekee lililopokea asali yao.

"Karibu, Mama Violeth," Mama Herman alisema. "Ila kabla hujafungua mzigo, njoo uone."

Kwenye rafu, chupa za safari iliyopita zilikuwa bado zimesimama. Mama Herman alishika moja.

"Nisomee. Hapa pameandikwa nini?"

Tereza alitazama. Palikuwa na doa la zambarau, na ndani ya doa kitu kama mguu wa nyuki.

"Ni jina letu," alisema.

"Wewe unalijua. Mteja halijui. Mji huu umejaa sukari iliyochemshwa ikaitwa asali. Mtu asipojua asali imetoka kwa nani, anairudisha. Juzi mama mmoja kaondoka hapa na wino kwenye kitenge chake. Kanisema mpaka basi."

"Asali yetu haina sukari, Mama Herman."

"Najua, naila kwangu. Lakini siwezi kushinda hapa nikikuapia. Yupo mrina asali mwingine anaitaka rafu hii. Ukija tena na madoa haya, nampa."

Tereza alirudi Ushirombo na mzigo wake wote. Njia nzima alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani.

"Waache," Damian alisema alipopata habari. "Chema chajiuza."

"Kinajiuza kikijulikana ni cha nani," Tereza alijibu. "Kesho twende kwa fundi."

Fundi wa mihuri alikuwa Nelly, msichana mwenye kibanda karibu na stendi. Kazi yake aliijua, na mdomo wake haukupumzika.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," Tereza alisema. "Muhuri wetu unatuaibisha. Mume wangu aliununua mnadani, kwa fundi mpita njia."

Nelly aliugonga kwenye moja ya karatasi walizokuja nazo, akaitazama kwa muda.

"Baba Violeth, huu ni muhuri au gazeti?"

Maana Damian alikuwa ameagiza kila kitu: jina lake, jina la mkewe, kijiji, kigango chao cha kanisa, namba ya simu, picha ya nyuki, picha ya mzinga, na chini kabisa, Mungu ni Mwema.

"Yote hayo ni kweli," Damian alisema.

"Sijasema ni uongo. Nasema hayaenei. Herufi ndogo zikibanana, wino unajaa katikati yake, linabaki doa. Muhuri unataka maneno machache na herufi nene kidogo." Kisha alipitisha kidole kwenye mpira. Kidole kiliteleza. "Na huu mmeupikia nini?"

Damian alitazama stendi, kama anangoja basi.

"Anaupaka samli," Tereza alisema.

Nelly alicheka mpaka akakaa. Alipotulia alieleza vizuri, bila dharau.

"Ngozi inapenda mafuta, baba. Mpira wa muhuri haupendi. Ukiyanywa unavimba, na herufi zinanenepa. Tena wino huu ni wa maji, haushiki penye mafuta. Na samli hiyo imeshaingia kwenye pedi, kwa hiyo pedi nayo imeharibika."

"Nilipoona pedi imekauka niliiongezea mafuta ya taa," Damian alikiri.

"Basi hiyo tuizike kabisa. Pedi ikikauka, iongezee matone ya wino wake uleule. Matone tu, kisha uiache mpaka yaenee. Ukiimwagia, itavuja. Ukimaliza kazi, funika kifuniko, uilaze mahali pakavu pasipo na jua."

"Na muhuri nausafisha na nini?"

"Ugonge kwenye karatasi chakavu mpaka wino uishe, kisha uufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Petroli hapana. Sindano ya kuchokonoa herufi hapana."

Tereza alionyesha muhuri mwingine mezani, wa plastiki, unaojipaka wino wenyewe. "Huu je?"

"Huo ni wa haraka, unafaa ofisini wanakogonga kutwa. Pedi yake iko ndani, na ikichakaa lazima upate nyingine ya saizi yake. Ninyi mnagonga mkirina tu. Wa mpini wa mbao utawatosha, na wa tarehe mdogo pembeni, wa kuzungusha namba. Lakini mama, karatasi zenu hizi zinang'aa. Hazinywi wino, ndiyo maana kitenge cha mtu kimechafuka. Tumieni zisizong'aa, na mziache zikauke kabla ya kubandika. Sasa niambieni, niandike nini?"

Damian aliugusa muhuri wa zamani. Jina lake alilipenda.

"Mteja anamwona nani dukani?" Nelly aliuliza.

Damian alimtazama mkewe. "Andika Mama Violeth," alisema. "Mimi nyuki wananijua."

Tereza alifurahi. Nelly aliandika mfano kwenye karatasi, akawapa wasome na wahakiki namba ya simu kwanza. Kosa likishaingia kwenye mpira, alisema, halifutiki. Walipofuata muhuri wao, ulikuwa na Asali ya Mama Violeth, Ushirombo na simu. Basi.

Nyumbani Damian alijaribu kwenye karatasi chakavu. Aliinua mkono juu, kwa mazoea.

"Si ng'ombe huyo," Tereza alisema. Alitandika gazeti chini ya karatasi ili muhuri ukae sawa, akamshika mkono mumewe. Waligusa pedi kidogo, wakakandamiza polepole, wakainua moja kwa moja bila kuyumba. Herufi zilitoka zote. Damian aligonga karatasi zilizobaki peke yake, na hakuna aliyemwona akitafuta samli.

Tereza alirudi Geita. Mama Herman alipokea chupa ya kwanza, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Alizipanga zote rafu ya mbele, zile za zamani akazitoa. Yule mrina asali mwingine hakutajwa tena.

Tereza alikuwa bado anakunja viroba vyake alipoingia mchimbaji mmoja wa dhahabu, nguo zake zimejaa vumbi la mwamba. Alishika chupa, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akasoma taratibu, neno kwa neno.

"Asali ya Mama Violeth. Ushirombo." Aligeuka. "Kumbe ni ya nyumbani. Huyu Mama Violeth ndiye nani?"

Mama Herman alitaka kujibu, lakini Tereza alimwahi.

"Ni mimi," alisema.

Yule mchimbaji alimtazama, akaitazama tena karatasi.

"Wabeja, mama," alishukuru kwa Kisukuma, akachukua na ya pili.