Aikande Ampamba Kobe

Palikuwa na msichana mdogo, jina lake Aikande. Aliishi mlimani, kwenye nyumba ya bati jekundu, katikati ya migomba. Aliishi na Mama, na Babu Elinami, na mbuzi mmoja mlafi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na banda. Ndani ya banda alikaa Kobe.

Kobe hakuwa kobe wa kweli. Kobe alikuwa gari! Gari la zamani sana, la rangi ya bluu, lenye mgongo wa mviringo na taa mbili kama macho makubwa. Hata Mama alipozaliwa, alimkuta Kobe.

Kila Krismasi, Babu alimpamba Kobe. Kila Krismasi, Babu alimwendesha mpaka kanisani. Walikwenda taratibu. Puta-puta-puta! Watu wote barabarani waliwapungia mikono.

Lakini mwaka huu macho ya Babu yaliugua. Babu aliona ukungu tu. Asubuhi ukungu. Mchana ukungu.

"Krismasi hii nitabaki nyumbani," Babu alisema. "Ninyi nendeni kwa miguu. Kobe mwacheni alale."

Aikande aliweka chini kikombe cha uji. "Babu! Kobe hawezi kulala siku ya Krismasi!"

"Nani atampamba, mjukuu wangu? Mimi simwoni hata yeye mwenyewe."

"Nitampamba mimi," alisema Aikande. "Na wewe utapanda."

Babu alipapasa meza polepole, akitafuta kikombe chake.

Aikande alikwenda bandani. Lo! Kobe alikuwa na vumbi mgongoni. Alikuwa na vumbi machoni. Kuku walikuwa wamelala juu yake, na mnajua kuku wakilala mahali huacha nini.

Aikande alileta ndoo. Alileta sabuni na kitambaa. Chwa-chwa-chwa! Alisugua milango. Chwa-chwa-chwa! Alisugua taa. Mgongoni hakufika, akapanda juu ya kigoda.

Mama akaja na ufunguo. Aliingia ndani ya Kobe, akauzungusha.

Kho! Kho! Kho! Halafu kimya.

"Betri imeisha chaji," alisema Mama. "Nitaipeleka ikachajiwe. Wewe pamba, mwanangu. Kumwasha, niachie mimi."

"Na utaendesha wewe, Mama?"

"Nani alinifundisha kuendesha? Babu yako. Na alinifundisha kwa Kobe huyuhuyu."

Basi Aikande akaanza kupamba.

Alikata karatasi nyekundu. Alikata karatasi za kijani. Alikoroga gundi ya unga na maji, akabandika nyota mlango mzima.

Kisha akaenda kunawa mikono.

Aliporudi, alisikia sauti. Nyam-nyam-nyam!

"Wewe mbuzi!" Aikande alipiga kelele. "Toka hapo!"

Mbuzi aligeuka. Nyota moja nyekundu ilikuwa inaning'inia mdomoni. Nyota nyingine zote zilikuwa tumboni. Gundi ya unga ilikuwa tamu mno.

Aikande alitazama mlango mtupu. Alivuta pumzi ndefu.

"Bado sijamaliza," alisema Aikande. "Bado sijamaliza!"

Alimfunga mbuzi mbali, kwenye mgomba. Akakata nyota nyingine. Akabandika tena, moja moja, mpaka jua likaelekea kuzama.

Usiku mvua ilinyesha. Bati la banda lilikuwa na tundu. Ti! Ti! Ti! Matone yalianguka juu ya Kobe.

Asubuhi nyota zote zilikuwa zimelowa. Rangi nyekundu ilichuruzika mlangoni. Rangi ya kijani ilichuruzika mpaka chini. Kobe alionekana kama mtoto aliyelia.

Mama alimshika Aikande begani. "Pole, mwanangu. Tuache?"

Aikande alitikisa kichwa. Alifuta mlango kwa kitambaa.

"Bado sijamaliza," alisema. "Bado sijamaliza! Mama, una vipande vya vitenge?"

Vipande vilikuwepo, mfuko mzima, chini ya cherehani. Vya njano. Vya zambarau. Vya maua makubwa na vya ndege wadogo.

Kitenge hakiliwi na mbuzi aliyefungwa. Kitenge hakiyeyuki kwa mvua. Aikande alifunga fundo kwenye kishikio cha mlango. Alifunga fundo kwenye kioo cha pembeni. Alifunga mafundo huku na huku, mpaka Kobe akapendeza kama bibi harusi.

Aikande alikimbia ndani. "Babu! Babu! Njoo umwone Kobe!"

Alimshika Babu mkono. Walitembea polepole mpaka bandani. Babu alivua kofia. Alisimama wima. Alitabasamu.

"Amependeza," alisema Babu. "Amependeza sana, mjukuu wangu."

Lakini Babu alikuwa anatazama ukuta.

Aikande alimtazama Babu. Alimtazama Kobe.

"Asante, Babu," alisema kwa sauti ndogo. Akamrudisha ndani.

Kisha akaketi peke yake kwenye ngazi ya mlango. Chozi moja likaanguka. Jingine likafuata. Vitambaa vyote vile vizuri, na Babu hakuona hata kimoja!

Aikande alifumba macho, machozi yasitoke tena. Akayafumba kabisa.

Giza.

Basi hivi ndivyo ilivyo kwa Babu, aliwaza.

Alikaa hivyo, macho yamefumbwa. Na kule gizani, akasikia kitu. Kwa mbali, ng'ombe wa jirani alikuwa anapita. Ngongo-ngongo! Kengele yake ililia shingoni.

Halafu akanusa kitu. Jikoni Mama alikuwa anachemsha chai. Mmmh! Mchaichai!

Aikande akafumbua macho. Akaruka juu!

"Bado sijamaliza!" alisema. "Bado sijamaliza!"

Alikimbia kwa jirani, Mama Ndeanasia. "Shikamoo! Tafadhali, una kengele ya ng'ombe ambayo haina ng'ombe?"

Mama Ndeanasia alicheka mpaka akajishika kiuno. "Marahaba, binti yangu. Ninayo. Ngoja niipanguse."

Kisha Aikande alikwenda kwenye duka la soda, akaomba vizibo vya chupa. Mama alivitoboa kwa msumari na nyundo. Ko! Ko! Ko! Aikande alivitunga kwenye uzi, kimoja baada ya kingine. Vilipogongana vililia, kacha-kacha-kacha!

Alikata mchaichai, akaufunga mafungu mafungu. Mama alipanda kigoda uani, akakata matawi ya mti wa Krismasi yenye harufu kali na tamu.

Vizibo vilikwenda nyuma ya Kobe. Kengele ilikwenda mbele. Matawi yalikwenda juu ya mgongo. Mchaichai ulikwenda ndani, karibu na kiti cha abiria.

Uzi wa vizibo ukakatika. Vizibo vikatawanyika sakafuni, chali-chali-chali! Aikande alipiga magoti, akaviokota. Akavitunga upya, safari hii kwa uzi wa mara mbili.

Krismasi ikafika.

Mlima ulikuwa mweupe kileleni. Migomba ilimeta kwa umande. Aikande alivaa gauni lake jipya na sweta juu yake, kwa sababu baridi haijui sikukuu.

Mama aliweka betri. Alizungusha ufunguo.

Kho! Kho!

"Njoo, Kobe," Aikande alinong'ona. "Njoo, tafadhali."

Kho! Kho! Puta! Puta-puta-puta-puta!

Kobe akawaka! Mama akamtoa bandani polepole. Vizibo vikalia, kacha-kacha-kacha! Kengele ikalia, ngongo-ngongo!

Ndani ya nyumba, Babu alikuwa ameketi na redio yake. Akaizima. Akainua kichwa.

"Ni nini hicho?" aliuliza.

Mlango ukafunguliwa. Babu akatoka na fimbo yake. Hatua moja. Nyingine. Alikwenda moja kwa moja, mpaka mbele ya Kobe. Hakuna aliyemshika mkono.

Alinyoosha mikono yake. Akagusa matawi. Akagusa kengele, ngongo! Akavuta vizibo, kacha! Vidole vyake vikapita juu ya vitambaa, fundo kwa fundo.

"Hiki ni kitenge," alisema Babu. "Na hili hapa ni tawi la mti wa Krismasi. Na hii harufu... ngoja, usiniambie. Mchaichai!"

"Ndiyo, Babu!"

Babu alicheka. Alicheka kicheko kikubwa ambacho Aikande hakuwa amekisikia tangu macho yake yaugue.

"Sasa ninamwona," alisema Babu. "Ninamwona Kobe! Mnasubiri nini? Nileteeni koti langu!"

Babu alipanda mbele, karibu na Mama. Aikande alipanda nyuma. Wakashuka njia ya kanisani, puta-puta-puta, kacha-kacha-kacha, ngongo-ngongo!

Watu walitoka majumbani. "Babu Elinami! Heri ya Krismasi!"

"Nani huyo? Sauti hiyo ni ya Mama Ndeanasia!" Babu alipunga mkono upande ule ule. "Heri ya Krismasi! Unaisikia kengele yako?"

"Naisikia, baba! Ng'ombe wangu naye anaisikia, ameshaanza kukufuata!"

Kweli, ng'ombe alikuwa anakuja mbio nyuma ya Kobe. Aikande alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kwenye kona, Mama alisema, "Baba, piga honi."

Babu hakuhitaji macho. Mkono wake ulijua honi ilipo. Pi-piiiii!

Kanisani watoto walimzunguka Kobe. Walitaka kuvuta vizibo. Walitaka kupiga kengele. "Nani amempamba?" waliuliza.

Babu aliweka mkono juu ya kichwa cha Aikande. "Huyu hapa," alisema. "Fundi wangu."

Jioni, baada ya wali na nyama na soda, Aikande alipanda kitandani. Miguu ilikuwa imechoka. Masikio bado yalisikia kacha-kacha.

Babu akaja kuketi kando yake.

"Mjukuu wangu," alisema, "leo asubuhi mlima ulikuwaje?"

"Ulikuwa na theluji, Babu. Juu kabisa. Kama sukari."

"Na anga?"

"Anga ilikuwa bluu. Kulikuwa na wingu moja dogo tu. Lilikuwa limekaa kama... kama..." Aikande alipiga mwayo. "Kama kuku kwenye mayai."

"Aah," alisema Babu. "Ninaliona. Na watu, walivaa nguo gani?"

"Mama Ndeanasia alivaa kilemba cha njano. Mchungaji alivaa viatu vinavyong'aa. Na kulikuwa na mtoto mmoja... mtoto mmoja amevaa..."

Babu alingoja.

Alisikia pumzi ndogo, polepole, polepole. Basi akapapasa blanketi, akalivuta taratibu mpaka chini ya kidevu cha Aikande.

"Utanimalizia asubuhi," alinong'ona.