Gunia Kwenye Kiti cha Nyuma

Mbwa aliruka kutoka dirisha la teksi, akatua juu ya boneti ya Probox nyeupe iliyokuwa imetoka kuoshwa, akaikwaruza kwa kucha zake zote, kisha akajitosa chini ya gari na kukataa kutoka. Ilikuwa Jumamosi mchana, mahali pa kuoshea magari mjini Kitale, na watu walikuwa na muda wa kutosha wa kutazama.

Mwenye Probox aliiangalia boneti yake. Alikuwa kijana mrefu, shati la samawati limepigwa pasi likanyooka, ndevu zimechongwa kwa subira. Jina lake Issack. Alizaliwa na kulelewa Bungoma mjini, jirani na msikiti, na kazi yake ilikuwa kusafirisha vipuri kati ya Bungoma na Kitale.

"Hii mbwa ni ya nani?"

"Ni yangu," alisema msichana aliyeshuka kwenye teksi. Gauni lake la kitenge cha njano lilikuwa limetapikiwa na mbwa kifuani, wala hakuhangaika kulifuta. "Na usiseme 'hii mbwa' kama unasema hii takataka. Anaitwa Sajini."

Issack aliinama. Chini ya gari mbwa alikuwa anatetemeka mwili mzima.

"Sajini gani anaogopa gari?"

"Ambaye hajakuomba maoni."

"Amenikwaruzia gari, dada."

"Hilo gari hata kabla hajalifikia lilikuwa linatia huruma."

Waosha magari walicheka. Dereva wa teksi hakucheka. Aliliweka chini begi la msichana, akasema heri abebe maiti kuliko mbwa yule, akaondoka zake.

Msichana aliitwa Nekoye, muuguzi, mtu wa Matulo. Alikuwa amepata kazi mpya Bungoma, na nyumba yenye ua huko Kanduyi, na mwisho wa mwezi alitakiwa awe amehama. Ile ilikuwa safari ya majaribio, nayo ilikuwa imekwama kabla ya kutoka mjini. Kumwacha Sajini nyuma hakukuwezekana. Kibe, mwenye nyumba wake, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba siku atakayohama akamwacha mbwa, mbwa huyo atakula sumu. Kibe hakuwa mtu wa utani.

Kuna jambo Nekoye hakulisema pale, kwa sababu kila alipolisema alilia, na kulia mbele ya watu alikuchukia. Alimwokota Sajini kando ya barabara ya Kiminini, ndani ya gunia lililofungwa mdomo kwa kamba. Watu wengi wa huku wakichoka na mbwa hawamuui. Wanamtia guniani, wanamfungia kwenye buti ya gari, wanaendesha mbali na kumtupa asipojua njia ya kurudi. Halafu wanajiita wenye huruma.

"Unaenda Bungoma?" Issack aliuliza. "Hiyo ni njia yangu. Lakini huyu akilazimishwa atanivunjia vioo. Afundishwe kwanza, pole pole."

"Kumbe wewe ni mwalimu wa mbwa."

"Mimi ni mtu ambaye boneti yake imeharibika na hataki viti vifuate. Leta namba."

"Namba ya nini?"

"Ya mbwa."

Akampa, kwa uso wa mtu anayetolewa damu.

Basi kila Issack alipoleta vipuri Kitale, jioni walikutana karibu na uwanja wa maonyesho. Mwanzoni gari lilizimwa tu, milango yote wazi, na chakula cha Sajini kikawekwa mbali kidogo na tairi. Siku nyingine kikasogezwa karibu. Halafu kikawekwa sakafuni mwa gari, aingie upande huu, atokee upande ule, asihisi amefungiwa. Injini ikaja baadaye, gari likinguruma papo hapo bila kwenda popote. Sajini akikakamaa, walirudi nyuma hatua moja. Nekoye akikosa subira, Issack alimkaripia. Issack akitazama saa, Nekoye alimkaripia. Mbwa peke yake ndiye aliyekuwa mtulivu.

Jambo moja lilimkera Nekoye. Issack hakumgusa Sajini hata siku moja. Alimwekea nyama kwa mwiko mrefu, akaruka pembeni kila ulimi uliposogea.

"Unamlisha kama mfungwa," alimwambia.

"Si anakula?"

"Na wewe ukilishwa kwa mwiko utakula. Ila utajua unadharauliwa."

Issack alipangusa mwiko kwa nyasi. Angejibu nini? Kwamba mate ya mbwa yakimgusa hawezi kuswali mpaka ajioshe mara saba, mojawapo kwa udongo? Kwamba kiti kile cha nyuma ndicho anachokalia mama yake, Mama Hasina, wakienda msikitini? Aliogopa Nekoye angesikia kitu kimoja tu: mbwa wako ni najisi. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaonekana kiburi.

Hata hivyo simu zilikuwa zikilia kila asubuhi.

"Umeamkaje, adui?"

"Nilikuwa nimeamka vizuri mpaka simu ikalia."

"Mgonjwa wetu?"

"Amekula. Ati anauliza kama bado unajipaka yale marashi ya kuua nzi."

"Mwambie leo namletea matumbo."

"Na mimi?"

"Kwani na wewe unakula matumbo?"

"Issack."

"Naam, mpenzi."

Nekoye alikata simu. Kisha akakaa kitandani, viatu vya kazi mkononi, akitabasamu kama mjinga mpaka akachelewa kazini.

Siku ya kuliendesha gari na Sajini ndani kwa mara ya kwanza, Issack alifika mapema. Alitaka kila kitu kiwe sawa: mbwa astarehe, kiti cha mama kibaki safi, asihitaji kueleza chochote. Akatoa gunia safi la mahindi, akalitandika vizuri kwenye kiti cha nyuma. Alijisifu moyoni kwa kulifikiria hilo.

Sajini alikuja akitikisa mkia. Akapanda mguu mmoja. Akanusa.

Alijikojolea palepale. Kisha akajivuta kwa nguvu ambazo Nekoye hakujua anazo, kamba ikamchana kiganja, na mbwa akatokomea kwenye mashamba ya mahindi.

Nekoye alitazama kiti. Akatazama gunia.

"Kibe amekutuma," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Ungemtupa wapi? Kamukuywa? Ama ungengoja upite Webuye?"

"Nekoye, unaongea nini? Ni kitandiko tu cha kiti."

"Tangu lini mtu akatandika gunia kwa ajili ya mbwa? Hata kumgusa hujawahi. Unamwangalia kama kinyesi. Nilidhani ni ushamba, kumbe ni mpango."

"Mimi mshamba? Jioni ngapi nimekaa hapa nikinuka matumbo kwa sababu ya hiyo mbwa yako?"

"Basi umepumzishwa. Ondoka mbele yangu, na namba yangu uifute."

"Hata usingeniambia ningeifuta," alisema Issack, akafunga mlango kwa kishindo.

Walitupiana maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa. Nekoye alimtafuta Sajini mpaka giza, akaita mpaka sauti ikakauka. Issack alipompigia simu, Nekoye aliikata. Alipopiga tena, akaifungia namba yake asimpate kabisa.

Ijumaa mchana, geti la Kibe lilisukumwa kwa bega. Issack aliingia kwa miguu. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya swala, lakini weupe wake ulikuwa umebaki mgongoni tu. Kifuani alikuwa amembeba Sajini, aliyejaa tope na vishada vya mahindi, akimlamba shingo bila haya.

"Alikuwa kwenye kalvati," alisema, akihema. "Nilikuwa naenda swala ya Ijumaa, nikasikia analia. Kwa gari amekataa. Nikambeba."

Nekoye alimpokea mbwa wake. Ndipo alipoiona kanzu, ndipo alipokumbuka saa.

"Swala yako?"

"Imenipita. Na kwa hali hii siwezi kuswali mpaka nijioshe." Akamweleza yote, mara saba, udongo, kiti cha mama, akieleza kwa hasira kana kwamba anamtukana.

"Ungesema," alisema Nekoye.

"Ungeuliza."

"Nimemtoa kwenye gunia, Issack. Mikono hii. Walikuwa wamemtupa kutoka kwa gari."

Issack alimpangusa Sajini tope usoni. "Ungesema," alisema.

Hakuna aliyeomba msamaha. Nekoye alileta karai, maji na udongo kutoka nyuma ya jikoni, akamwagia maji, kila mmoja akihesabu kwa sauti kwa sababu hakumwamini mwenzake.

Mwisho wa mwezi walisafiri. Juu ya kiti kulikuwa na turubai, na juu ya turubai blanketi la Nekoye mwenyewe. Sajini alipanda akitetemeka. Walipopita Kiminini alilia. Kamukuywa akatapika, wakasimama, Nekoye akamshusha, na mbwa akaketi kwenye nyasi akilitazama gari kama linavyotazamwa jumba la mahakama.

"Mvute kidogo," alisema Nekoye. "Kesho naanza kazi."

"Sivuti mtu. Fungua kamba."

"Atakimbia."

"Basi atakimbia. Fungua."

Akafungua, akimchukia. Malori yakapita. Issack alifungua mlango, akarudi kwenye usukani, akangoja. Sajini aliyatazama mahindi upande wa pili wa barabara. Kisha akasimama, akajikung'uta, akapanda mwenyewe na kujilaza kwenye blanketi.

Nekoye aliingia mbele, akageukia dirisha.

"Unalia," alisema Issack.

"Vumbi. Endesha."

"Nikuoe tugombane vizuri, kwa nyumba moja."

"Na mbwa?"

"Uani. Nitamjengea kibanda chake. Ndani ya nyumba Mama anaswalia, haingii."

"Na kanisa langu?"

"Lina shida gani? Nitakupeleka, nitakungoja nje."

"Kwa kununa?"

"Kwa kununa sana."

"Basi nyamaza uendeshe. Nitakujibu tukifika Kanduyi."

Jibu alikuwa nalo hata kabla gari halijashika mwendo. Akalikalia, akamwacha Issack ateseke kilomita zote zilizobaki.