Uzi Uliokoroma

Rafiki yangu Gody, mpiga gita wa kwaya kule Kigera, hasimulii haya mpaka kwanza uchomoe waya wa spika ukutani.

Mchana huo mvua ya ziwani ilikuwa inapiga, Gody na mwenzake aitwaye Kwangu wakafunga madirisha yote ya kanisa. Huyo Kwangu alikuwa ameleta gita la umeme la marehemu mmoja wa Buhemba, wakaliunga kwenye spika. Uzi wake mnene ulikaa chini mno, ukawa unagonga vyuma vya shingo na kukoroma.

"Marehemu alikufaje?" Gody aliuliza, akizungusha skrubu ya kuunyanyua.

"Wewe pandisha uzi. Ulikuwaga hivyo hivyo."

Akapandisha. Ukazidi kukoroma, kama mtu anayekabwa koo.

Umeme ukakatika. Giza likajaa, lakini spika haikunyamaza.

"Legeza!" Kwangu alipiga kelele nyuma yake. "Gody, legeza!"

Gody alizungusha skrubu kinyume mpaka vidole vikachubuka. Mabenchi yakaanguka. Visigino vikapiga sakafu kwa nguvu, kisha polepole, kisha basi.

Taa ziliporudi, Kwangu alikuwa kifudifudi, shingo imekatwa kwa mstari mwembamba, mzunguko mzima. Uzi ulikuwa palepale kwenye gita, mapajani mwa Gody, umekaza, unachuruzika damu. Kidole chake kikaugusa.

Ukatoa sauti safi kabisa.