Kibodi ya Kiwanda cha Korosho

Kompyuta ilikuwepo. Kibodi haikuwepo.

Inspekta Goreti aliinama juu ya meza, katika ofisi ya kiwanda kidogo cha kubangua korosho, Nachingwea. Ulikuwa mwaka 2004. Nyaya nyembamba zilitoka kwenye mashine za akina mama wabanguaji, zikapita ukutani, zikaishia hewani.

"Kibodi kuukuu," alisema. "Nani aibe?"

"Hiyo ndiyo iliyohesabu kazi, Afande," alijibu meneja, Bwana Twaha. "Mkono wa mashine ukishuka, sumaku inafunga swichi, kompyuta inadhani mtu kabonyeza herufi. Kila mashine na herufi yake. Kununua mtambo wa kuhesabia kutoka Dar kungetufilisi. Mhandisi wetu huyu katutengenezea kwa vyuma chakavu."

Filbert, fundi redio kutoka Ruangwa, alitazama sakafu.

"Na mnamshuku Mwanaima, mbanguaji wenu," alisema Goreti.

"Hesabu yake ni ya chini, na leo wavivu wote nilikuwa nawaachisha kazi. Jana kapiga kelele uani kwamba atakivunja hicho kidude. Nani mwingine?"

Goreti alizisogelea nyaya. Asubuhi alikuwa amemwona Mwanaima mahabusu, kifua kimelowa maziwa, mwanawe akilia nje mikononi mwa bibi yake. Mchana gari lingempeleka mahakamani.

Alishika ncha ya waya, akaigeuza.

"Hazikukatwa. Zimefunguliwa kwa bisibisi, na skrubu zikarudishwa mahali pake. Mwenye hasira angezing'oa. Mwizi angebeba na nyaya, auze shaba."

Bandani wimbo ulianza. Mama mmoja aliongoza kwa Kimwera, wenzake wakaitikia, na kwenye kila kiitikio mikono ya mashine ikashuka pamoja, kwaa! Filbert alifumba macho. Kwaa! Akafumba tena.

"Fundi, wimbo unakukera?"

"Hapana, Afande."

"Mashine ulizijaribu lini?"

"Jumapili."

"Nani alibangua?"

"Mimi mwenyewe. Moja moja."

"Kiwanda kimya?"

Filbert aligeukia mlango.

"Nakuuliza, fundi."

"Kibodi haiwezi, Afande." Alielekeza kidole bandani. "Mikono mingi ikishuka kwa mpigo mmoja, inachanganyikiwa. Inapokea michache, mingine inapotea. Wanaoimba wanaonekana wavivu. Asiyefuata wimbo ndiye anaonekana hodari."

"Ulijua?" Bwana Twaha alifoka. "Ulijua, ukaniacha niwafukuze watu?"

"Nimejua juzi, bosi."

"Kibodi iko wapi?" aliuliza Goreti.

"Kwangu. Ndani ya gunia la mbaazi."

"Kwa nini hukusema?"

Filbert alijipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Meneja alikuwa ameshaniita mhandisi mbele ya wageni. Mimi ni wa darasa la saba, Afande. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikaona ikipotea, hakuna atakayefukuzwa, na hakuna atakayenicheka. Sikudhani watamkamata mtu."

"Walipomkamata?"

"Nikaogopa zaidi."

Pingu zilifungwa.

Kituoni, Mwanaima alikuwa amekaa kwenye benchi, huru, mtoto akinyonya kwa pupa. Goreti alikuwa amekwisha kumweleza kila kitu. Filbert alipitishwa mbele yake, akageuza uso ukutani.

"Fundi," aliita Mwanaima, bila kelele. "Si ungetuambia tu? Tungeacha kuimba."